Shahidi wa Buganguzi

Mambo ya wateja hayasimuliwi. Hilo ni somo la kwanza tulilofundishwa, na wenzangu walilikariri kama sala. Hili nalisimulia kwa sababu nusu yake si ya mteja, ni yangu, na nilinyang'anywa nikiwa mtoto.

Tulikuwa wanafunzi wachache, tukijifunza tiba ya mazungumzo katika kituo kidogo kilichopanga Kashai, mjini Bukoba, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Sisemi ile ya kumpa mtu ushauri akaenda zake. Nasema ile ya kukaa na mtu kila wiki, saa ileile, kiti kilekile, mwaka na zaidi, mpaka yale aliyoyafukia yaanze kutoka yenyewe. Mwalimu wetu alikuwa Bi Sumaiya, mtu wa mjini hapahapa, mjukuu wa watu wa pwani, mwembamba, mkali, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Alisomea kazi hii nje ya nchi akarudi nayo Bukoba kana kwamba Bukoba ilikuwa imeiagiza. Kila mmoja wetu alipewa wateja wake, na kila wiki tuliketi mbele ya Bi Sumaiya kumsimulia yaliyosemwa chumbani, neno kwa neno, naye akitukosoa bila huruma.

Mimi nilitokea kwenye uuguzi. Nilishazoea kushika watu, kuwaosha, kuwaambia pole. Hapa niliambiwa nisishike na nisiharakishe hiyo pole. Kigumu zaidi, niliambiwa nisijiseme. Mteja akikuuliza kama umeolewa, unasali wapi, una watoto wangapi, hujibu. Unamrudishia swali ili mjue wote wawili kwa nini ameuliza. Bi Sumaiya alisema mteja akikujua atazungumza na wewe tu, lakini asipokujua atazungumza na watu wake wa ndani, wazazi wake, maadui zake, marehemu wake, akidhani anazungumza na wewe. Hapo ndipo tiba ilipo.

Nilimwelewa. Ila jaribu kumfanyia hivyo Mhaya. Sisi hatuwezi kukaa na mtu hata chai ikapoa kabla ya kujua ni wa nani, wa ukoo upi, bibi yake aliolewa akitoka wapi. Huo si umbea, au tuseme si umbea peke yake. Ndivyo tunavyojua mtu aambiwe nini na afichwe nini.

Basi akaja Mzee Rutaihwa. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Buganguzi, wilaya ya Muleba, mgane, umri umeshapita sabini. Alivaa koti la suti lililobaki kubwa baada ya mwili kwisha ndani yake. Tatizo lake lilikuwa koo. Chakula kilikuwa hakishuki. Uji ulipita kwa taabu, lakini ndizi alizokula maisha yake yote zilikwama, akazitema kwenye kitambaa mbele ya wajukuu. Hospitali walimpiga picha, wakamwingiza mpira wenye kamera, wakamwambia kooni hamna kitu.

Aliketi, akaweka kofia gotini, akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mwana wange," akasema, "wewe ni wa nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

"Naona ungependa kunijua," nikasema. "Ingekuwaje kwako kama ungejua mimi ni wa nani?"

Marehemu bibi yangu wa Ijumbi angenisikia angenitandika na mwiko. Mzee aliinamisha kichwa. Akauliza tena, safari hii kwa Kihaya, polepole, kama mtu anayedhani hakusikika. Nikamrudishia tena swali lake. Akasema, "Haya. Kama ndivyo unavyotaka."

Nilidhani ameelewa utaratibu.

Nilipolisimulia hilo darasani, Bi Sumaiya alinisifu mbele ya wote, jambo ambalo alikuwa halifanyi. Mwenzetu Lukmani, kijana wa hapo Kashai, alipinga.

"Mwalimu, hata mimi, mzee akiniuliza ni wa nani nisimjibu, nimemtukana."

"Umemtukana, ndiyo," akasema Bi Sumaiya. "Sasa kaa uone atalifanyia nini hilo tusi. Agnetha amekaa. Wewe ungekimbia."

Nilirudi nyumbani siku hiyo kichwa kimevimba.

Mzee Rutaihwa hakukosa hata wiki moja. Alisafiri kutoka Muleba asubuhi, akapanda ngazi zetu akipumzika katikati, akaketi na kuanza kusema. Alisema kwa vipande, bila majina. Kulikuwa na mtu fulani. Huyo mtu alikuwa na mdogo wake. Nilijifunza kutomsukuma. Alinieleza kwamba koo lilianza kufunga mwaka uliopita, baada ya kumzika jirani yake, na kwamba jirani huyo alipokuwa anakata roho alimwita yeye awe shahidi.

Huko kwetu mtu akikaribia kufa huitwa mmoja asiye wa damu yake, aketi kitandani, asikie wosia. Baadaye shahidi huyo husimama mbele ya wazee wa ukoo na kusema alichosikia. Kwa kuwa hana anachorithi, anaaminiwa. Mke wa marehemu haaminiwi, wala mwanawe. Yeye anaaminiwa.

"Nilimsikia akiwagawia wanawe kibanja, shamba lote la migomba na kahawa," akasema Mzee Rutaihwa. "Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia. Tangu hapo sijameza vizuri."

"Kuna nini katika kutikisa kichwa?" nikauliza.

"Kibanja hakikuwa chake."

Ikachukua wiki kadhaa kufika mbele ya hapo. Akasema ile ilikuwa mara yake ya pili kuwa shahidi katika nyumba hiyohiyo. Mara ya kwanza ilikuwa zamani, miaka ile ya vifo vya Ukimwi, tulipokuwa tunazika mpaka majembe yanabaki makaburini kwa sababu kesho yatatumika tena. Aliyekufa wakati ule alikuwa kaka mkubwa, fundi redio. Mtu wa utani sana, akasema. Alikuwa na mbwa mnene aliyelala mchana kutwa na bado akataka nyama, akampa jina la Waziri.

Nilishika mikono ya kiti.

Baba yangu aliitwa Protase. Alikufa sijaanza shule. Ninavyovikumbuka kwake ni vichache mno: harufu ya risasi ya kuchomelea waya, kikohozi, na mbwa aitwaye Waziri. Baada ya mazishi, baba yangu mdogo, Buberwa, alisimama na shahidi mbele ya wazee. Shahidi akasema marehemu ameacha kila kitu kwa mdogo wake, na kwamba mke arudi kwao na binti yake. Mama alinibeba mpaka Ijumbi kwa bibi. Alikufa muda si mrefu, na sisemi kwamba alikufa kwa ugonjwa ule peke yake.

Bibi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na neno moja alilonipa kila nilipomkera, kila sahani ilipokuwa tupu, kila nilipouliza kaburi la baba liko wapi. "Baba yako alipokuwa anakufa hakukutaja." Shahidi amesema, na shahidi hana sababu ya kudanganya. Nimekua na neno hilo. Nimesoma nalo, nimeolewa nalo, nimeachika nalo.

Kibanja sikukitaka. Watu hawaniamini nikisema hivyo, na wasiniamini. Nilitaka kujua kama kweli hakunitaja. Na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa anajua alikuwa ameketi mbele yangu, anafuta mdomo kwa kitambaa, akingoja nimuulize swali lingine.

Nilimaliza saa yake. Nasema hivi kwa kiburi kidogo. Sikuuliza kitu. Nilimwambia tutaonana wiki ijayo, nikamsikia akishuka ngazi.

Siku hiyohiyo nilimwambia Bi Sumaiya kila kitu. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mkabidhi kwa Lukmani," akasema.

"Mwalimu, ni mtu pekee aliyesikia."

"Ndiyo maana nasema mkabidhi. Saa ile ni yake, Agnetha. Amekuja kuponya koo lake. Ukianza kumchimba ili upate ya kwako, huna tofauti na waliomchukulia baba yako kibanja. Nao walitumia mgonjwa aliyelala kitandani."

Nilimchukia kwa hilo. Na zaidi nilimchukia kwa kuwa alikuwa sahihi.

"Nipe saa moja ya kumuaga," nikasema.

"Saa moja. Mwambie watu wa hadithi yake unawafahamu na kwa hiyo hutaweza kuendelea naye. Usimwambie wewe ni nani. Na usimuulize kitu. Ukimuuliza kitu kimoja tu, umeacha kuwa mtabibu."

Wiki iliyofuata alikuja amekonda zaidi. Aliketi, kofia gotini. Nikamwambia kama nilivyoagizwa: leo ni mara ya mwisho kukaa na mimi, kuna Bwana Lukmani, ni mtu mzuri, ataendelea naye. Nimetambua kwamba watu anaonisimulia nawafahamu, na hiyo si haki kwake.

Hakushtuka. "Unawafahamu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi leo sema. Wewe ni wa nani?"

Nilikuwa na jibu la darasani na nilikuwa na jibu la kwetu. "Mimi ni Agnetha wa Protase," nikasema.

"Najua," akasema Mzee Rutaihwa.

Alinijua kabla hajapanda ngazi mara ya kwanza. Katekista wao alikuwa amemwambia kwamba binti wa Protase yuko Bukoba, kwa wale watu wa kuzungumza. Alipofika mapokezi alinitaja kwa jina. Hakuja kwa ajili ya koo. Koo lilikuwa nauli tu.

"Una paji la uso la baba yako," akasema. "Nilikuuliza wewe ni wa nani ili useme, nishuke hapa chini nipige magoti. Mtu hawezi kumwomba radhi mtu ambaye hajasema yeye ni nani. Hukusema. Nikauliza tena, hukusema. Nikajua kwamba unanijua, na kwamba umeamua kunitesa. Unataka niyatoe yote kama naongea na ukuta. Nikasema haya, nastahili."

Miezi yote ile. Kile nilichosifiwa mbele ya wenzangu kilikuwa kimemkalisha mzee mgonjwa akijichuna ngozi mbele yangu polepole, akidhani ndiyo adhabu niliyomchagulia. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja. Nilifanya nililokatazwa.

"Alisema nini?" nikauliza.

Akatazama kofia yake.

"Kwenye habari za kibanja hakufika. Alisema, 'Mleteni mtoto.' Basi. Buberwa alikuwa amesimama mlangoni na tulishakubaliana. Kwetu baba akimshika mtoto mkono mbele ya shahidi, amemrithisha, mambo yamekwisha, hata kama mtoto mwenyewe ni wa kike na mdogo. Ningekuwa nimeona, na ningetakiwa kusema nilichoona. Kwa hiyo nikamwambia, 'Mtoto amelala.'"

"Akasemaje?"

"Akasema basi mwacheni alale. Akangoja. Kila alipofumbua macho aliuliza kama umeamka. Nikamwambia bado. Akauliza tena, nikamwambia bado. Ikaenda hivyo mpaka jioni, akanyamaza."

Mchana ule ninaukumbuka. Nilikuwa barazani na Waziri. Nilikuwa nimeambiwa baba anapumzika nisipige kelele, na mimi sikupiga kelele. Nilijisikia mtoto mwema sana kwa jinsi nilivyotulia.

"Sikuwa nimelala," nikasema.

"Najua. Ulikuwa umekaa kizingitini. Nilikuruka nikitoka."

Akaniambia alicholipwa. Buberwa alimpa kipande cha kibanja kinachoshuka kuelekea mtoni, chenye mibuni ya baba na migomba mizuri. Alikula vya hapo miaka yote, akasomesha watoto kwa kahawa ya hapo, akanenepa. Hakukosa usingizi. Alinisisitizia hilo, kwamba hakuwahi kukosa usingizi, mpaka siku Buberwa naye alipolala kitandani kilekile na kumwita akae palepale.

Kisha akanyamaza akinitazama. Mimi nimefundishwa kimya. Kuna kimya cha mtu anayetafuta neno, kipo cha mtu anayeogopa, kipo cha mtu anayengoja kupewa. Hiki cha Mzee Rutaihwa kilikuwa cha kungoja kupewa.

"Sema neno lolote, mwana wange," akasema hatimaye. "Hata tusi."

Saa ikaisha. Nikamwambia tutaishia hapo. Akainuka akishikilia kiti, akashuka ngazi kwa ubavu, mguu mmoja mmoja.

Nilimweleza Bi Sumaiya yote, na kwamba niliuliza, na kwamba nilimwambia jina. Nilimweleza pia kwamba nilipokuwa namtazama nilitamani koo lile lizibe kabisa, palepale, nione. Hakunifokea. Aliniondoa kwenye wateja kwa muda, akanitafutia mtu wa kukaa naye mimi mwenyewe, saa ileile, kiti kilekile. Ndivyo mafunzo yetu yalivyo, mtabibu naye hutibiwa. Nilikwenda. Nilimsimulia huyo mtu kuhusu Waziri, kuhusu mwiko wa bibi, kuhusu mama. Nilipofika kizingitini nikawa nakaa kimya mpaka saa inaisha, wiki baada ya wiki, naye akaniacha nikae.

Mzee Rutaihwa hakwenda kwa Lukmani. Kiti kilimngoja, Lukmani akakaa nacho peke yake saa nzima kila wiki, kama tunavyotakiwa, mpaka Bi Sumaiya akamwambia basi.

Simu ilinikuta mchana, jikoni, namenya ndizi. Namba sikuijua.

"Dada Agnetha? Shikamoo. Naitwa Klaudia, binti wa Mzee Rutaihwa wa Buganguzi. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba," nikasema. "Sema, mdogo wangu."

"Baba amezidiwa. Hata maji sasa hayapiti. Padre alikuja asubuhi, baba akakataa, anasema mpaka uje wewe. Wazee wa ukoo wenu wameitwa, wamekaa hapa. Anataka kurudisha ile sehemu ya mtoni, na kuna maneno anataka kuyasema mbele yao, ila hasemi mpaka akuone. Anauliza kila mara kama umefika. Kuna pikipiki hapo Muleba, tumeshamwambia kijana, ukishuka tu kwenye gari atakuchukua."

Nilikuwa na muda. Ningetoka saa ile ningefika jua lingali juu. Nilikuwa pia na sababu nzuri ya kutokwenda, iliyofundishwa darasani, ya kwamba mtabibu haendi nyumbani kwa mteja. Klaudia angeikubali. Alikuwa msichana mwenye adabu, angenishukuru na kuniombea heri.

"Mwambie mtoto amelala," nikasema.

"Mtoto yupi, dada?"

"Mwambie hivyohivyo."

Halafu nikasikia viatu vyake kwenye sakafu, mlango, minong'ono ya wazee, na pumzi ya mtu inayokwaruza. Hakukata simu, nadhani alisahau kwamba anayo mkononi. Nikamsikia akimwambia baba yake kwa Kihaya, kwa sauti ya kumbembeleza, kwamba mtoto amelala. Nikaibana simu sikioni nisikie atasema nini. Pumzi ile ilisimama kidogo, ikaendelea. Mtu mmoja akauliza mzee amesema nini, mwingine akajibu hajasema kitu. Nilisimama pale na kisu mkononi, nasikiliza, mpaka salio la Klaudia likaisha.